Chombo na Mkono

Neno chombo katika lugha yetu lina maana nyingi. Sufuria ni chombo; jembe la mkulima, randa ya seremala na kalamu ya karani ni vyombo; na kwa watu wa pwani, jahazi na dau ni vyombo vilevile. Waliotangulia hawakukosea kuvikusanya vitu hivi vyote katika neno moja. Kila kimojawapo humchukua mtu kutoka mahali alipo, kikamfikisha mahali ambapo viungo vyake peke yake visingemfikisha. Lakini neno hilohilo limezaa swali ambalo watu hubishana juu yake barazani na darasani. Je, mtu akipewa chombo bora kuliko alichokuwa nacho, huwa bora yeye pia?

Wako wanaojibu ndiyo. Hawa hutuonyesha mshoni mwenye cherehani na mshoni mwenye sindano ya mkono, wakatuuliza nani atakayemaliza kanzu kwanza. Wako wanaojibu siyo. Hawa husema ya kuwa ujuzi hauzeeki, na ya kuwa fundi wa kweli hutengeneza kitu chema kwa nyenzo yoyote aliyo nayo. Kila upande umeshika kweli kwa pembe moja. Kosa lao ni kuwa wanagombana juu ya mambo mawili huku wakidhani ni moja. Kazi ina mazao, na kazi ina ujuzi. Mazao ni kile kinachoonekana kazi inapokwisha: samaki kapuni, kanzu mwilini, alama karatasini. Ujuzi ni kile kinachobaki kwa mtu baada ya chombo kuondolewa mkononi mwake. Mambo haya hufuatana mara nyingi, lakini si ndugu wa tumbo moja; na asiyeyatenga hawezi kuhukumu thamani ya chombo chochote.

Mfano wa jambo hili uko wazi Liwatoni, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, ukingoni mwa maji ya Kilindini. Mwishoni mwa mwaka 2020 lilikamilishwa hapo daraja la kuelea, la watu waendao kwa miguu, kutoka Liwatoni mpaka Ras Bofu upande wa Likoni. Na mwaka 2021 ulipoanza umma ukaanza kulivuka. Maji yale yana historia nzito. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka feri ya Likoni, likazama na mama na mtoto wake. Kwa hiyo njia nyingine ya kuvukia haikuwa pambo. Juu ya daraja lile walipita vijana na wazee, mabaharia na watu ambao hawajapata kuingia baharini hata magotini, na wote wakafika ng'ambo.

Hapo ndipo pa kuangalia vizuri. Mazao ya kazi, yaani kuvuka, yalipatikana kwa wote sawasawa. Lakini daraja halikumfundisha hata mtu mmoja kuogelea. Lilikuwa na sehemu ya katikati iliyofunguliwa meli ilipotaka kupita; na ilipofunguliwa, kila mvukaji alirudi kuwa kama alivyokuwa kabla ya daraja kujengwa. Asiyejua kuogelea alikuwa bado hajui. Hatulilaumu daraja kwa jambo hili, kwa kuwa halikujengwa lifundishe watu kuogelea. Twasema tu ya kuwa kipo chombo ambacho huongeza mazao bila ya kugusa ujuzi, na ya kuwa mtu aliyevuka asijisifu kwa nguvu za mikono yake.

Mahali hapohapo pana mfano wa pili ulio mgumu zaidi. Liwatoni pana gati la vyombo vya uvuvi na vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki, navyo viliwekwa kwa ajili ya uvuvi wa bahari kuu. Mnamo Novemba 2018 kikosi cha walinzi wa pwani cha Kenya kilizinduliwa hapo, na moja katika kazi zake ni kuzuia vyombo vinavyovua bila ya ruhusa. Bahari ya Kenya ya kiuchumi hufika maili 200 za baharini kutoka pwani. Humo hupita jodari, samaki wa thamani kubwa, nao kwa miaka mingi wamefuatwa na meli kubwa za mataifa ya mbali. Lakini wavuvi wengi wa pwani yetu huvua kwa mtumbwi, ngalawa, dau au mashua, ndani ya miamba au karibu nayo.

Je, mvuvi huyu ana upungufu wa ujuzi? Mtu asemaye hivyo hamjui. Mvuvi huyu anajua bamvua na maji mafu. Anajua kusi na kaskazi, na mwezi ambao bahari haimwalikii mtu. Anajua mwamba wenye changu, nyasi zenye tafi na tundu lenye pweza. Na wahenga walinena kweli kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Elimu hii ameirithi kwa baba na babu, naye ameiongeza kwa macho na mikono yake. Pamoja na hayo yote, kusi likivuma kwa nguvu, mtumbwi wake hautoki nje ya mwamba. Elimu yake imekomea pale ubao wa chombo chake unapokomea. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba ufundi watosha na vyombo ni kisingizio ni kumdhihaki. Tena, tukichunguza, tutaona kuwa maneno hayo aghalabu hutoka katika vinywa vya watu waliokwisha kupata vyombo vyao.

Basi na tumpe chombo. Na tumpe mashua kubwa yenye injini, sanduku la barafu, kifaa cha kuonyesha mahali kwa msaada wa setilaiti, na mshipi mrefu wenye ndoana nyingi. Watetezi wa chombo watapiga makofi wakidhani kazi imekwisha. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Siku hiyo bingwa wa mwamba huwa mwanafunzi tena. Hana budi kujua injini inataka nini na inakataa nini. Hana budi kupima mafuta ya kwenda na ya kurudi. Hana budi kujua barafu ngapi zitoshe kwa siku ngapi, maana jodari aliyevuliwa bila ya barafu huoza kabla ya kufika sokoni. Hana budi kujua hesabu ya deni la mashua, ambalo halingojei msimu mwema. Injini ikizima mbali na nchi kavu, kifaa cha setilaiti kitamweleza mahali alipo bila ya kukosea, lakini hakitamrudisha nyumbani. Wahenga walituonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Mvuvi mwenye busara hujifunza injini, na tanga akalikunja akalichukua chomboni.

Kwa hiyo chombo kipya hakimpi mtu ujuzi, humdai ujuzi. Akilipa deni hilo, mazao na ujuzi hukua pamoja. Asipolilipa, mashua hukaa ufukweni ikiliwa na kutu, watu wakapita wakisema wavuvi ni wavivu. Serikali, shirika au tajiri anunuaye mashua bila ya kununua mafundisho yake amenunua nusu ya chombo.

Jambo jingine halina budi kusemwa, nalo hufichwa na wapenda vyombo. Chombo chenye nguvu huzidisha kila kilichomo mkononi, pamoja na makosa. Tuangalie juya. Juya ni wavu mrefu ambao huzungushwa majini, kisha watu wakaukokota mpaka pwani. Ukiuhukumu kwa mazao ya asubuhi moja, ni chombo hodari: hukusanya wakubwa na wadogo, wanaolika na wasiolika. Lakini katika kukokotwa huvunja matumbawe, hung'oa nyasi za baharini na kubeba watoto wa samaki ambao kesho wangekuwa samaki kamili. Kwa sababu hiyo Kenya iliupiga marufuku mwaka 2001. Uchunguzi uliofanywa katika pwani yetu ulionyesha ya kuwa pale ambapo wavuvi wenyewe walikataa juya, kila mvuvi alipata samaki zaidi kuliko pale ambapo juya liliendelea kukokotwa. Mazao ya leo yalikuwa yakila mazao ya kesho.

Sasa tuangalie dema, mtego wa kusukwa ambao babu zetu waliutumia. Watafiti wa pwani ya Kenya waliutengeneza upya kwa njia ambayo ingemchekesha mtu asiyefikiri: walitoboa mlango mwembamba wa kutokea. Samaki mchanga na samaki mwembamba asiye na faida hupita akaenda zake. Aliye mnene akabaki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha ya kuwa dema hilo lilishika samaki wenye miili mikubwa zaidi na kumpa mvuvi pato jema zaidi. Hapa chombo kilikuwa bora kwa sababu ya kuachilia, wala si kwa sababu ya kushika sana. Na kilichokiboresha hakikutoka katika injini wala umeme. Kilitoka katika kujua maisha ya samaki. Ujuzi ulitangulia, chombo kikafuata. Anayedhani vyombo bora huanguka kutoka mbinguni na kuja kufundisha watu, na alitazame dema lile.

Watu wengine hawaoni neno hili mpaka waelezwe kwa michezo. Mwaka 1960, katika Olimpiki ya Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni kwa miguu mitupu, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964, katika mji wa Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mwenye haraka atasema, viatu vilimpa dakika 3. Lakini mhakiki ataomba kusubiri kidogo. Kati ya Roma na Tokyo kulikuwa na miaka 4 ya mazoezi, barabara nyingine na hali ya hewa nyingine. Dakika zile 3 zina wazazi wengi. Si haki kiatu kudai watoto wote.

Hata hivyo si haki pia kusema kiatu hakina mtoto hata mmoja. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alivaa viatu vya namna mpya, vyenye soli nene na nyepesi, ndani yake mna vibamba vigumu. Na mbele yake walikimbia wenzake kwa zamu ili kumkinga upepo. Muda huo haukuandikwa katika rekodi za dunia, kwa kuwa taratibu za siku ile hazikuwa za mashindano. Mnamo Januari 2020 shirika linalosimamia riadha duniani liliweka sheria kwamba soli za viatu vya barabarani zisizidi unene wa milimita 40. Watu hawaweki mpaka mahali pasipo na kitu cha kuzuia. Sheria ile ni ungamo kwamba chombo kina nguvu. Lakini viatu vya namna hiyo vikaenea, wakavivaa wengi, na bado katika kila mbio alikuwako wa kwanza na alikuwako wa mwisho. Kiatu kiliusogeza mstari wa wote mbele; mpangilio wa watu juu ya mstari ule ulibaki kazi ya mapafu, mazoezi na moyo.

Yapasa sasa tuwajibu kwa haki wale wasemao kuwa chombo kibovu ndicho mwalimu mwema, ati mwanafunzi ateseke kwanza ndipo ajue. Neno hili lasikika kama hekima, lakini uzuri wake ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bingwa wa kupiga udi aweza kukivumilia chombo kisichoshika sauti, kwa sababu sikio lake limekwisha kujua sauti iliyo sawa, na vidole vyake hutafuta njia ya kuifikia. Mwanafunzi hana sikio hilo bado. Chombo kile humfundisha uongo, naye huupokea kama kweli. Randa butu humfundisha mwanagenzi kusukuma kwa mabavu badala ya kusikiliza ubao. Mizani mbovu humfundisha mwuza duka mchanga hesabu mbovu. Mwanafunzi hahitaji chombo cha fahari. Ahitaji chombo kisemacho kweli. Hapa ndipo chombo chema huongeza ujuzi wenyewe: anapokosea mtumiaji, humwonyesha kwamba kosa ni lake.

Na tumalize kwa kazi iliyo karibu zaidi na wasomaji wa kitabu hiki, yaani kazi ya kuandika. Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mombasa, alifariki yapata mwaka 1840. Hakuwa na mashine ya chapa, wala kamusi ya Kiswahili ya kutafutia vina. Mashairi yake yalikaa katika vifua vya watu, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alipoyakusanya mengi katika karne ileile. Na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940, miaka mia baada ya kifo chake. Chapa ilifanya kazi kubwa. Iliyafikisha mashairi kwa watu ambao hawakupata kuiona Mombasa, ikayalinda yasife pamoja na wazee walioyahifadhi. Lakini haikuongeza hata mzani mmoja katika ufundi wa Muyaka. Mazao yake yalisafiri mbali. Ujuzi wake ulikuwa umekamilika kabla ya wino wa mpiga chapa kukauka.

Mwanafunzi wa leo ana vyombo ambavyo Muyaka hakuviota. Ana kompyuta, ana simu yenye kamusi, ana programu inayosahihisha tahajia. Ziko hata programu ambazo hutunga insha nzima kwa kuamriwa maneno machache. Mazao yake hayana ila kubwa kwa jicho la haraka: aya zimepangwa na sentensi zimenyooka. Je, chombo hiki ni kibaya? Jibu letu liko Liwatoni, juu ya daraja. Daraja ni jema sana kwa mtu anayekwenda kazini ng'ambo. Kwa mtu aliyeshuka pwani ili ajifunze kuogelea, daraja ni hasara, hata likiwa imara namna gani. Karani mwenye barua mia za kupeleka amekuja kuvuka. Mwanafunzi amekuja kuogelea. Mwalimu hakumwomba insha kwa sababu ulimwengu una uhaba wa insha. Alimwomba ili kichwa chake kijizoeze kutafuta neno, kulikataa, na kulitafuta jingine. Akivushwa kila siku, siku ya mtihani atakuta daraja limefunguliwa katikati, naye amesimama ukingoni na vitabu vyake, akiyatazama maji ambayo hakuyaingia hata mara moja.

Basi hukumu yetu ni hii. Chombo bora huongeza mazao, na mwenye ujuzi aliyenyimwa chombo amedhulumiwa. Lakini chombo hakiongezi ujuzi ila kwa mtu aliye tayari kuwa mwanafunzi wake. Na mkononi mwa mtu asiyejifunza hueneza makosa yake kwa mwendo mkubwa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kukinunua, kukisifu au kukilaumu chombo, mtu na ajiulize: Nimekuja kuvuka, au nimekuja kujifunza kuogelea? Kikiondolewa kesho, nitabaki na nini? Na mazao haya ya leo, ni nani atakayeyalipia? Mvuvi ajibuye maswali haya atajua mashua ya kukopa na mashua ya kuacha. Mzazi atajua kama mtoto wake ana haja ya simu mpya au ya saa moja zaidi ya kusoma. Nawe, msomaji, utajua ni siku gani yafaa uiwashe kompyuta, na ni siku gani yafaa uchukue karatasi tupu na kalamu ya senti chache, ukae kimya, ukaanza.